Mashine ya Mume Wangu Iliyogoma Kuongea

Boksi lilifika Nyashimo na Coaster ya jioni kutoka Mwanza, limezungushiwa selotepu kila upande na jina la mume wangu limeandikwa kwa maka nyekundu. Nililipokea mimi, kwa sababu ofisi ninayofanyia kazi ya uhasibu iko karibu na kituo, na yeye alikuwa amenipigia simu mchana kwa ile sauti ya mtoto aliyevunja chungu: "Mama, kuna kamzigo kangu kanakuja. Naomba unipokelee." Kamzigo! Konda alilishusha kwa kishindo, akaniuliza, "Dada, mmepakia mawe humu?" Bodaboda akalifunga nyuma, mimi nikabanwa katikati, tukaenda hivyo hadi Nassa huku nikijiuliza mwenzangu amenunua nini bila kuniambia, na kwa hela ipi.

Msomaji, hesabu ndiyo kazi yangu. Kabla hatujafika nyumbani nilishajua ni hela ipi.

Tulikuwa na kiwanja, tulikuwa na kuta zilizokwisha kuvuka linta, na tulikuwa na shilingi 1,400,000 kwenye laini yake kwa ajili ya bati. Ilikuwa Oktoba. Huku kwetu ikifika Oktoba unaanza kutazama mawingu upande wa ziwani, na mwenye kuta zisizo na paa halali usingizi wa raha.

Usiku ule aliikata selotepu polepole kama daktari kwenye chumba cha upasuaji. Mtoto alikuwa amelala. Ikatoka mashine yenye ukubwa wa oveni ya mezani, ina mlango wa plastiki wa kuonea ndani, na humo ndani kuna kimeza na kimota kilichoshika kisu chembamba kama sindano ya cherehani.

"Shilingi ngapi?" nikauliza.

Akaanza kunieleza habari za Japani.

"Baba, nimeuliza shilingi ngapi."

"Yote," akasema.

Sitaandika nilichomjibu. Nitasema tu kwamba majirani zetu wa chumba cha pili walizima redio ili wasikie vizuri.

Sasa niitendee haki mashine, maana yenyewe haikuwa na kosa. Ni Roland MDX-20, mashine ya CNC ya kuweka mezani. CNC maana yake ni kwamba mkono wa mtu hauigusi: kompyuta ndiyo inayoiambia kisu kiende kulia, kushoto, kishuke, kinyanyuke. Hii inachonga eneo la kama sentimita 20 kwa 15, na kina cha sentimita 6. Chuma haiwezi; inachonga plastiki, nta, mbao laini na zile bodi za saketi. Miaka ya 2000 ilikuwa kipenzi cha maabara za ufundi zinazoitwa fab lab, wazo lililotoka MIT kule Marekani kwa Profesa Neil Gershenfeld na kusambaa duniani, hadi Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walichongea bodi za saketi kwa mashine kama hii. Maabara zikinunua mpya, za zamani zinauzwa, na moja ilizunguka huko na huko hadi ikaangukia kwenye duka la vitu vilivyotumika mjini Dar, na kutoka hapo ikaangukia kwa mume wangu.

Yeye ni fundi. Ana fremu hapa Nassa, anatengeneza redio, simu, inveta za sola. Na alikuwa na mpango, sio kwamba alikuwa amerogwa. Lamadi, mbele kidogo kwenye barabara ya Musoma, pamejaa gesti na loji kwa sababu geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti liko hapo hapo. Siku moja alilala gesti huko, akapewa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mbao kilichoandikwa namba kwa kalamu ya maka, namba yenyewe imefutika nusu. Akajaribu milango mitatu usiku ule. Akarudi na wazo: vibao vya funguo vya plastiki vilivyochongwa, vina namba na jina la gesti. Wazo zuri, nakiri leo. Shida ni kwamba aliliona peke yake, akaliamua peke yake, akalilipia kwa bati za watu wawili.

Na mashine ikagoma kuongea na kompyuta.

Kompyuta ya fremu ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo ikabidi aniombe laptopu yangu. Nilimpa. Nilimwandikia neno la siri kwenye kikaratasi, nikakiweka mezani bila kumwangalia. Tulikuwa tunaishi hivyo: chakula mezani, maneno hakuna. Mama mkwe alikuja kutusalimia Jumapili, akakuta hali hiyo, akauliza kulikoni. Nikamweleza mbele ya mwanawe, nikamwita mwizi wa bati. Yule mama alitikisa kichwa, akambeba mjukuu wake wakaenda kutazama kuku. Mume wangu hakujibu neno. Nikadhani kanyamaza kwa sababu hana la kusema.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa tundu. Nyuma ya mashine hakuna USB. Kuna tundu pana la siriali lenye pini 25, la ule mtindo wa RS-232 uliowekwa Marekani mwaka 1960, kabla hata Tanganyika haijapata uhuru. Laptopu za siku hizi hazina tundu la namna hiyo. Unahitaji adapta ya kutoka USB kwenda siriali. Akaenda Mwanza, akarudi na adapta moja ya bei chee. Tukaichomeka, kompyuta ikaweka alama ya njano na kuandika kwamba chipu ile ilishaachishwa tangu mwaka 2012, wasiliana na aliyekuuzia. Aliyetuuzia alikuwa kijana mwenye meza barabarani! Fremu alikuwa na adapta nyingine, zile za kuunganishia vibodi vya Arduino, lakini hiyo hakuigusa. Alinieleza (ndiyo siku ya kwanza tulipoongea kidogo) kwamba ile inaongea kwa volti 5, wakati RS-232 inakwenda hadi volti 15 juu ya sifuri na 15 chini yake. Ukiziunganisha moja kwa moja unaichoma. Akaagiza adapta ya tatu, ya maana. Nauli, adapta, nauli. Nilikuwa naandika kila senti kwenye daftari.

Adapta ya tatu ikakubali. Akapata na waya wa pini 9 kwenda pini 25 uliokuwa wa modemu ya zamani, ukaingia kwenye tundu bila shida. Akatuma amri. Kimya. Akabadilisha kasi. Kimya. Kijana mmoja wa jirani anayesoma chuo akaja kumwambia aitumie zile amri za G1 na X na Y, yaani G-code, ambazo ndizo lugha ya mashine nyingi za CNC. Kimya vilevile. Siku zikapita, na kila jioni nikirudi kazini namkuta amekaa mbele ya ile oveni isiyopika kitu.

Hapo ndipo nilipoingia, na sikuingia kwa wema. Nilitaka ushahidi kwamba mashine ni mbovu ili airudishe, hela irudi, tununue bati. Mume wangu ni fundi wa mikono, maelezo ya kwenye karatasi yanamchosha. Mimi kazini nasoma nyaraka kuanzia saa mbili asubuhi. Nikatafuta kitabu cha mashine mtandaoni, nikakaa nacho usiku mbili mtoto akilala.

Nikagundua mambo. Kwanza, mashine ile haijui G-code hata kidogo. Ina lugha yake inayoitwa RML, ya amri fupifupi: PU maana yake nyanyua kisu uende, PD maana yake shusha kisu uende. Na haihesabu kwa milimita. Inahesabu kwa vipande, 40 kwa kila milimita moja. Ukitaka isogee sentimita moja unaiambia 400. Kwa hiyo kijana wa chuo alikuwa anamsemesha Mjapani kwa Kisukuma. Pili, kasi yake ni 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde, na kompyuta lazima iwekwe kwenye kasi hiyo hiyo, la sivyo mmoja anaongea haraka na mwingine anasikia kelele tupu. Tatu ni habari ya waya, na hiyo sikuielewa. Nikamwamsha.

"Baba, amka. Pini namba 2 ni ya nini?"

Aliamka kama mtu aliyeambiwa kuna mgeni. Tukatoka nje kwenda fremu, saa tano usiku, mtoto mgongoni. Akanieleza kwamba kwenye waya wa siriali kuna pini ya kusema na pini ya kusikia. Nikamwonyesha nilichosoma: kwenye tundu la pini 9 na tundu la pini 25, namba 2 na namba 3 zimebadilishana kazi. Akakaa kimya kidogo. Kisha akachukua mita.

Hapa ndipo ninapompendea mtu huyu. Mimi nilikuwa na kitabu, yeye alikuwa na ujanja wa vidoleni. Pini ya kusema, alisema, ikiwa imekaa tu bila kusema chochote, huwa na volti hasi. Pini ya kusikia haina kitu. Kwa hiyo huna haja ya kubahatisha: ipime. Akawasha mashine, akanipa nishike ncha nyeusi kwenye pini ya saba, ile ya ardhi, yeye akagusa pini ya pili kwa ncha nyekundu. Mita ikasoma hasi. "Mashine inasemea hapa," akasema. Tukapima upande wa kompyuta: hasi ilikuwa kwenye pini ya tatu. Tukaupima ule waya wa modemu, tukasikia ule mlio wa pii: tatu ya kompyuta ilikuwa imeungwa kwenye pili ya mashine. Mdomo kwa mdomo, sikio kwa sikio. Wiki mbili nzima vyote viwili vilikuwa vimeunganishwa midomo.

Alianza kuuchuna waya. Mimi nikashika taa ya simu. Akaniuliza, macho yake yako kwenye risasi inayoyeyuka:

"Dogo amemaliza mitihani?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Dogo gani?"

"Mdogo wako. Si yuko mwaka wa pili?"

Msomaji, naomba nikuambie jambo ambalo mama mkwe sikumwambia. Kwa miezi kumi na minne nilikuwa natuma shilingi 80,000 kila mwezi kumlipia mdogo wangu ada. Mume wangu nilimwambia ni makato ya mkopo kazini. Baba yetu alifariki, mdogo wangu hakupata mkopo wa kutosha, na niliogopa kusema kwa sababu tulishakubaliana kila senti iende kwenye nyumba. Ukizidisha, ni shilingi 1,120,000. Niliiandika yote kwenye faili la Excel, kwa sababu mhasibu haachi kuandika hata dhambi zake, na faili lilikuwa kwenye laptopu. Laptopu ambayo nilimpa neno la siri.

"Umejua lini?" nikamuuliza.

"Siku ile ile uliponipa kikaratasi."

Yaani alijua kabla ya Jumapili ya mama mkwe. Alikaa pale kwenye kiti, akaitwa mwizi wa bati mbele ya mama yake mzazi, na hela yangu ya siri ilikuwa karibu sawa na yake. Na hakusema. Taa ya simu ilikuwa inatetemeka mkononi, akaniambia kwa upole niituliza, hawezi kuona pini.

Tuliongea hadi karibu saa nane usiku, na hayakuwa mazungumzo matamu. Mimi nililia, kisha nikakasirika kwamba alinyamaza. Nilimwambia kunyamaza kwake ni kiburi, ni kunisubiri nijinyonge. Yeye akasema hakunyamaza kwa kiburi, alinyamaza kwa sababu angefungua mdomo siku ile angesema mambo ambayo hayarudi. Akasema pia kwamba mdogo wangu ni shemeji yake, angemlipia mwenyewe kama angeambiwa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mtoto aliamka, akanyonya, akalala tena juu ya mfuko wa waya chakavu.

Kabla ya kufunga fremu akasema, "Hebu tujaribu." Tatu kwenye tatu, mbili kwenye mbili, tano ya kompyuta kwenye saba ya mashine. Nikaandika mimi: PU400,400, nikabonyeza. Kimya! Nilitaka kuitupa ziwani. Kisha nikakumbuka ukurasa mmoja wa kitabu: kwenye mashine kuna taa imeandikwa VIEW, na ikiwa inawaka, mashine inashikilia amri bila kuzitekeleza, inakupa nafasi utazame kazi yako. Taa ilikuwa inawaka. Nikabonyeza kitufe, ikazima. Kichwa kikanguruma, kikaenda kulia sentimita moja, kimeza kikateleza sentimita moja. Basi. Ndiyo hiyo tu. Tuliruka kama watu walioshinda bahati nasibu, na usiku ule tulirudi nyumbani tumeshikana mikono, mtoto mgongoni kwake.

Ungedhani imekwisha. Tukatafuta programu ya kugeuza picha kuwa amri. Ipo ya bure kutoka MIT inayoitwa mods, inafunguka ndani ya kivinjari na inaijua mashine yetu. Tukachora kibao cha kwanza, chumba namba 7. Mashine ikaanza vizuri, ikachonga dakika chache, halafu ikapata kichaa: kisu kikakata mstari wa mshazari kupita katikati ya namba. Tukarudia, kichaa kikarudi, ila mahali pengine. Amri fupi inakubali, kazi ndefu inavurugika.

Siku hiyo aliyegundua alikuwa yeye. Kwa kasi ya 9600 kompyuta inamwaga herufi kama 960 kila sekunde, na kisu kinachonga taratibu mno. Mashine ina kumbukumbu ndogo ya kuweka amri zinazosubiri. Ikijaa, zinazofuata zinamwagika chini, na katikati ya sentensi iliyokatika mashine inakwenda isikotumwa. Sisi tulikuwa tumeunga waya tatu tu: kusema, kusikia, ardhi. Hatukuwa tumeipa mashine njia ya kusema "subiri". Njia yenyewe ipo, ni pini ya 20 upande wa mashine, inakwenda kwenye pini ya 8 ya kompyuta. Mashine ikiwa tayari pini ile ina volti chanya. Ikijaa inaishusha, na kompyuta, kama umeiwekea mpangilio wa kuitii, inaziba mdomo hadi iruhusiwe. Akauunga waya wa nne. Nikaweka mpangilio. Namba 8 ikatoka safi kama imechapwa kiwandani.

Akanigeukia akiwa anatabasamu, akaanza: "Unaona, mke wangu, hata sisi..." Nikamwambia ishia hapo hapo, sitaki mahubiri ya waya. Tukacheka.

Bati hazikununuliwa Oktoba ile. Mvua ilinyesha juu ya kuta zetu, na kozi mbili za matofali upande wa magharibi zililainika ikabidi zirudiwe. Sitaki mtu adhani mapenzi yalizuia maji. Nilikasirika upya kila iliponyesha. Lakini mwezi wa pili gesti moja ya Lamadi iliagiza vibao 24, kila kimoja shilingi 3,500, wakalipa nusu mbele. Hela hiyo aliiweka mezani mbele yangu kabla hajavua viatu. Nami nilifungua lile faili la Excel, nikafuta neno "mkopo", nikaandika "ada ya shemeji yako". Tukapanga: sehemu ya ada, sehemu ya bati, sehemu ya visu, maana vile visu ni vyembamba na vinavunjika ovyo ukikosea kina. Mwishoni mwa mwaka uliofuata tuliezeka vyumba viwili na sebule. Jiko bado liko chini ya turubai.

Mdogo wangu amemaliza chuo. Alikuja kututembelea, shemeji yake akamwonyesha mashine kwa saa nzima, mimi nikipika sato nikawa nasikia wanabishana kuhusu pini.

Kile kibao cha kwanza, namba 7 yenye mstari wa mshazari katikati, nilitaka kukitupa. Alikitoboa tundu, akakifunga kwenye ufunguo wa chumba chetu cha kulala. Mama mkwe alipokiona aliuliza kwa nini tuna namba saba na nyumba ina vyumba viwili.